Baiskeli Niliyoijenga kwa Fundi Onyango

Fundi Onyango aliposhuka kwenye gari la binti yake mbele ya kibanda changu hapa Ayany, mwezi uliopita, hakuanza na salamu. Alisimama, mkono mmoja begani mwa Apiyo, akageuza uso huku na huku, kisha akauliza, "Bado iko?" Nikamwambia iko. "Ileile?" Ileile. "Lete." Tulikuwa hatujaonana kwa miaka zaidi ya thelathini. Nilisikia kwa watu kwamba yuko hai, kwamba anaishi kwao karibu na Yala, kwamba sasa haoni kabisa. Apiyo, ambaye nilimwacha mtoto wa chekechea na sasa ni mama mwenye miwani na kazi ya ofisi, alikuwa amemleta Nairobi aonwe na daktari wa macho, na daktari akamwambia kwa upole jambo ambalo mzee mwenyewe alilijua kitambo. Basi akaomba apitishwe kwangu kabla ya kurudi nyumbani. Sikumkumbatia, maana sikujua kama inafaa. Niliingia ndani nikaitoa baiskeli, nikaiegemeza kwenye benchi, nikamwongoza mkono mpaka kwenye bomba la mbele, kisha nikarudi nyuma kumtazama.

Alianzia juu akashuka polepole, vidole vyake vikienda kama vya mtu anayesoma. "Ule usukani wa pembe umeutoa," akasema. Nikamwambia niliutoa zamani, nilipomzaa mtoto wangu wa pili, mgongo ulipokataa kuinama. Akaishika rimu ya mbele, akaipima kwa shibiri. "Na hii si yake." Nikamweleza kwamba zile rimu nyembamba zilipinda mara tatu kwa mashimo ya barabara ya Olympic, nikaamua kuweka za inchi ishirini na sita na tairi nene, lakini breki zikawa hazifiki, ikabidi nilehemu vishikizo vipya. Vidole vyake vikavitafuta vile vishikizo, vikavizunguka. "Nani alilehemu hapa?" "Mimi, Fundi." "Umetumia shaba nyingi," akasema, na Apiyo akacheka, nami nikacheka, na mzee akatabasamu akiwa ameelekeza uso kwenye ukuta. Aliuliza juu ya kila kitu. Kwa nini gia tano na si kumi? Kiti cha mtoto kilikaa hapa miaka mingapi? Huu ufa uliuziba lini? Alikuwa na hamu ileile ya kujua iliyonivuta kwake nikiwa msichana. Kisha akafika kwenye waya wa breki ya mbele, karibu na mkono wa kubonyeza, akaushika kwa kidole gumba na cha shahada, akakaa hapo muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Palikuwa na jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia, na lilihusu waya kama ule.

Mwaka nilioipata baiskeli hii nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Kwetu na jinsi nilivyofika Nairobi nimeviandika kwingine. Nilikuwa na chumba Kibera, upande unaopakana na Olympic, na kazi kwenye baraza ya fundi cherehani mmoja hapa Ayany, mama mnene mkarimu aliyeitwa Mama Jerusa. Tulishona sare za shule. Mara mbili kwa wiki nilizibeba sare hizo mgongoni, zikiwa zimefungwa kwa leso, nikatembea mpaka Kawangware kwa mteja wetu mkubwa, na kurudi kwa miguu. Siku moja nikiwa Soko la Toi natafuta vifungo, niliiona baiskeli ikiwa imelala chini ya rundo la vigari vya watoto. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo dume. Haikuwa na cheni wala peda ya kushoto. Muuzaji alisema imekuja na mitumba, kwamba hakuna mtu anayeitaka, wote wanataka Black Mamba, zile nyeusi nzito zinazobeba gunia. Nilikwaruza rangi kwa ukucha. Chini ya nyeusi palikuwa na kijani, na chini ya kijani palikuwa na buluu. Hicho ndicho kilichoninasa. Nilitaka kujua ni nani aliyeficha buluu nzuri namna ile mara mbili. Muuzaji alikuwa na watoto wawili wanaoanza darasa la kwanza. Tukakubaliana nimshonee sare zao, na siku nilipozipeleka nikatoka na baiskeli nikiisukuma.

Mafundi wa baiskeli wa Kibera walinicheka. Mmoja aliita wenzake waje waone. "Madam, hii ni ya mashindano ya wazungu. Utaenda nayo wapi, choo?" Mwingine aliitikisa akasema niiuze kwa wauza vyuma chakavu. Mtu wa tatu, mzee wa kushona viatu aliyekuwa akisikiliza tu, ndiye aliyeniambia nimtafute Onyango, Kawangware, nyuma ya soko. "Yule anajua chuma," akasema. "Wengine hawa wanajua spana tu."

Karakana ya Fundi Onyango ilikuwa kibanda cha mabati chenye mlango mpana, na nyuma yake chumba kimoja alichoishi na mkewe na Apiyo. Ndani ya kibanda palikuwa na giza kiasi kwamba niliposimama mlangoni sikumwona. Nilisikia sauti ikisema, "Ingiza." Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, ameketi kwenye kigoda. Nikaisukuma mpaka mbele yake. Hakuitazama. Aligonga bomba la juu kwa ukucha, akainamisha sikio, akagonga la chini, kisha akanyanyua uso na kuuliza nilikoitoa. Nilipomweleza, akasema, "Sikia," akaigonga tena. Ilitoa mlio mrefu mwembamba. Akagonga Black Mamba iliyokuwa karibu, ikatoa mlio mfupi wa dufu. "Umesikia? Hii mabomba yake ni membamba katikati na manene huku kwa kona. Mtu alikaa chini akafikiria." Nikamuuliza itachukua siku ngapi kuitengeneza. Akasema, "Mimi sitaitengeneza. Wewe ndiye utaitengeneza. Mimi nitakaa hapa nikikwambia." Nilidhani ni dharau. Baadaye nilidhani ni ukarimu. Ilichukua miezi kujua ni nini hasa.

Kila nilipopeleka sare nilibaki kwake mchana mzima, na Jumamosi nilikuja makusudi. Tulivua kila kitu. Alinifundisha kutoa gololi za mhimili na kuzihesabu kwenye kifuniko cha kopo, kuzisugua kwa mafuta ya taa, kuzirudisha na grisi mpya. "Funga macho," alikuwa akiniambia. "Zungusha gurudumu. Sasa nimekuuliza, imelegea ama imekaza?" Nilifunga macho, nikazungusha, na mwanzoni sikuhisi lolote, lakini wiki ya tatu vidole vikaanza kuniambia mambo. Nilikwaruza rangi kwa msasa mpaka chuma kikabaki kitupu, na hapo tukagundua kwamba mtu fulani, mahali fulani, aliwahi kuikarabati fremu ile karibu na kiti. Fundi alipapasa ile shaba kwa muda mrefu. "Huyu alikuwa mtu wa kushoto," akasema. "Shaba imevutwa kutoka huku." Tukaanza mchezo wa kumbuni mtu huyo: alikuwa na haraka, kwa sababu mwisho wa kazi haukusuguliwa, aliipenda baiskeli, kwa sababu alirudi akaongeza safu ya pili. Hatukujua nchi yake wala jina lake. Mpaka leo nashangaa jinsi watu wawili katika kibanda cha Kawangware walivyoweza kumzungumzia mtu huyo mwezi mzima kana kwamba ni jirani.

Chakula cha mchana tulikula nyuma, kwenye chumba. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyolala. Kuta zilikuwa zimebandikwa magazeti ili upepo usipite kwenye matundu ya misumari, na juu ya viti palitandikwa vitambaa vyeupe alivyofuma Mama Apiyo mwenyewe. Alitupikia omena, dagaa wa ziwani, zilizokaangwa na nyanya nyingi, ugali wa mtama siku unga wa mahindi ulipopanda, na mrenda, mboga ya kuteleza, ambao mimi Mluhya niliula kwa furaha mpaka akawa ananipikia makusudi. Walizungumza Kijaluo baina yao wakidhani sisikii. Ni kweli sikuelewa, lakini kulikuwa na neno moja lililojirudia kila Mama Apiyo aliposhusha sauti: *wang'*. Siku moja nikirudi Kibera nilimpitia mama muuza samaki jirani yangu, nikamuuliza *wang'* ni nini. "Jicho," akasema. "Nani anaumwa jicho?" Nikamwambia hakuna.

Kuanzia hapo nilianza kuona nilichokuwa nimekosa kuona. Fundi alipomimina chai alitia kidole ndani ya kikombe. Alipopokea spana alinyoosha mkono palepale kila mara na kungoja niiweke. Wateja walipoingia alingoja wazungumze kwanza ndipo awaite kwa jina. Miaka yote aliyolehemu bila miwani ya kukinga, ule mwali wa moto ulikuwa ukimla macho kidogo kidogo, na sasa alibaki na ukungu tu. Karakana nzima ilisimama juu ya siri ile. Ni mteja gani angemwachia baiskeli yake akijua? Sikumwambia kwamba najua. Nilianza tu kusema mambo kwa sauti, kana kwamba najisemesha: "Hii nati ina kutu upande huu." "Hapa pana ufa, Fundi, mfupi kama punje ya mchele." Naye alianza kunisubiri niseme. Bila kuafikiana tukawa mtu mmoja, mimi macho, yeye mikono na akili. Nilijiona mkubwa sana. Nadhani hicho ndicho kilichoniponza.

Baiskeli ilikwisha siku chache kabla ya shule kufungwa. Niliipaka buluu ileile niliyoikuta chini kabisa; nilizunguka na kigae cha rangi mfukoni kama sampuli mpaka nikapata inayofanana. Nilipoipanda mara ya kwanza, kutoka sokoni Kawangware mpaka Dagoretti Corner, nilihisi ardhi ikitiririka chini yangu bila kelele. Watu waliniita majina. Mwanamke, rinda, usukani wa pembe. Sikujali. Niliapa sitaongeza kitu wala kupunguza kitu kwenye fremu ile, itabaki kama alivyoitaka yule mtu aliyekaa chini akafikiria.

Wiki ya tatu baada ya hapo, asubuhi, Kisia aliingia karakanani. Kila mtu upande ule alimjua. Alikuwa Mmaragoli mcheshi aliyesambaza mikate kwenye vioski kwa Black Mamba iliyowekewa breki za waya, yenye kreti tatu nyuma, na alikuwa na haraka maisha yake yote. "Fundi, breki ya mbele imelegea. Nikazie tu niende, mikate inapoa." Fundi akanipa ishara. Niliilegeza nati, nikauvuta waya, nikaukaza. Nilipokuwa nikiukunja mwisho wake nikaona, karibu na mkono wa kubonyeza, nyuzi mbili za ule waya zimekatika na kujitokeza kama unywele. Waya wa breki husukwa kwa nyuzi nyembamba nyingi. Mbili zikikatika, zilizobaki zinafuata. Nilijua hivyo. Fundi mwenyewe alikuwa amenifundisha. Nikafungua mdomo kusema, na wakati huohuo Fundi akanyoosha mkono, akapitisha kidole gumba juu ya waya kutoka chini mpaka juu, akasema, "Sawa. Mwachilie." Palikuwa na wateja wengine wawili mlangoni. Kama ningesema "Hapana, Fundi, si sawa," wangejua kwamba mzee haoni. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba niliona aibu kumkosoa, na kwamba Kisia alikuwa amekwisha kukamata usukani, akitania. Nikafunga mdomo. Akaenda.

Haikufika saa moja tukasikia kelele. Kwenye mteremko wa Gatina waya ulikuwa umekatika, na breki ya nyuma peke yake haikuweza kushika uzito wa kreti tatu. Kisia alikuwa amegeuza usukani kumkwepa mama mwenye mtoto, akagonga ukuta. Nilipofika mikate ilikuwa imetapakaa kwenye mtaro na Kisia amekaa chini, uso wa rangi ya majivu, ameshika bega la kulia kwa mkono wa kushoto. "Mifupa imetoka," alikuwa akisema, kwa sauti ya kushangaa zaidi ya maumivu. "Neke, angalia, imetoka," akaniita kwa jina. Baiskeli yake ilikuwa imekunjika katikati.

Jioni hiyo kabla jua halijazama watu walikuwa wamekwisha kuunganisha mambo. Niliwasikia kwenye kioski cha chai kando ya soko. "Si nilikuwa nakwambianga? Yule mzee haoni. Anashikashika tu." "Ati haoni? Na anatengeneza breki za watu?" Nilikunywa chai yangu yote nikiwa nimewapa mgongo. Nilipofika karakanani Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mlango nusu umefungwa, na Mama Apiyo amesimama nyuma yake. "Ni macho yangu," akaniambia. "Nilijua siku itafika. Nimemvunja mtoto wa watu." Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa nayo. Hakukuwa na mteja, hakukuwa na siri ya kulinda tena. Ningesema, "Fundi, mimi niliona." Nilisema, "Pole, Fundi."

Nilipokwenda kumwona, Kisia alikuwa amefungwa bega na kifua kwa bendeji, amelazwa kwenye kitanda kilichojaza chumba chao karibu chote. Mkewe alikuwa akimenya ndizi mlangoni. Daktari alikuwa amesema asibebe kitu miezi mitatu, na mwenye mikate alikuwa amesema mtu mwingine atapewa njia ya Kisia ikiwa mikate haitaanza kusambazwa kufikia Jumatatu. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Mimi nitaisambaza. Mpaka upone. Njia itabaki yako." Kisia alinitazama. "Na baiskeli gani? Ile ya pembe?" Akacheka, kisha bega likamkata kicheko.

Kwa hiyo ile fremu niliyoapa kutoigusa ilibidi iguswe. Keria ya kubeba kreti haiwezi kufungwa kwa waya kwenye mabomba membamba namna ile. Ilihitaji mihimili miwili ya chuma ilehemiwe moja kwa moja karibu na mhimili wa nyuma na chini ya kiti. Sikujua kulehemu. Nilimwendea Fundi nikidhani atakataa, maana alikuwa amefunga karakana. Alisikiliza mpaka mwisho. "Leta mitungi ya gesi," akasema. "Utakuwa unaniambia." Ilikuwa Jumapili mchana, watu wengi wako kanisani. Nilishika fremu, yeye akashika moto. Aliuona mwali kama mwanga tu, bila umbo. "Kushoto kidogo," nilimwambia. "Hapo. Sasa inaanza kuwa nyekundu. Nyekundu ya nyanya. Sasa ya chungwa." "Bado?" "Bado. Sasa." Akagusisha kijiti cha shaba, nayo ikakimbia kuzunguka bomba kama maji yanayotafuta njia. Buluu yangu iliungua ikawa nyeusi, mahali pa upana wa kiganja. Tulifanya sehemu nne namna hiyo. Alipozima moto aliiweka mikono katikati ya magoti. Hiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho ya moto, na ingali imeshika mpaka leo.

Nilisambaza mikate ya Kisia kwa wiki kumi na moja. Nilianza alfajiri, nikamaliza kabla Mama Jerusa hajafungua baraza. Nilijifunza kwamba kreti mbili nyuma hufanya gurudumu la mbele liwe jepesi kama mkia wa ndege, nikahamisha kiti mbele; nilijifunza kwamba wenye vioski hawana haja na rinda wala pembe, wana haja na mkate mzima usiobonyezwa. Kila Ijumaa nilipeleka kwa Kisia kila shilingi iliyokuwa yake, na kila Ijumaa mkewe alinishika mikono yote miwili. "Mungu akubariki, dada. Dunia ingekuwa na watu kumi kama wewe." Kisia mwenyewe alimwambia kila aliyepita, "Muone huyu. Hata si ndugu yangu." Nilikuwa nikitoka pale nikiendesha upesi. Nilikuwa nikijiuliza, na bado najiuliza, kama wema unaofanywa kwa sababu ya woga ni wema. Mikate ilifika. Njia ilibaki ya Kisia. Lakini mimi sikusema.

Fundi na familia yake waliondoka Desemba. Kitanda na vigoda vilipandishwa kwenye lori la mtu wa kwao. Alinikabidhi spana zake zote zikiwa zimefungwa kwenye gunia, akasema, "Mimi nilifanya kazi hii bila macho, ndiyo sababu imeisha vibaya. Wewe una macho." Sijui kama kuna sentensi iliyonifuata maisha yangu kama ile. Mwaka uliofuata niliacha sare, nikafungua kibanda changu hapa Ayany. Sijawahi kumrudishia mteja baiskeli bila kumwambia kila nilichokiona, hata ufa wa unywele, hata akinuna, hata akienda kwa fundi mwingine. Watu husema nina ukali. Siku hizi vijana wanaopenda baiskeli za zamani huja na simu kuipiga picha ile ya buluu, wananiuliza kwa nini niliiharibu na keria, kwa nini nilibadilisha rimu, ingekuwa safi sana kama ingebaki vile ilivyokuwa. Nawaambia nayo iliishi.

Haya yote yalinipitia kichwani wakati Fundi Onyango ameushika ule waya mbele ya kibanda changu. Apiyo alikuwa ameenda kununua maji. Nikaona kwamba akirudi, wataondoka, na mzee huyu ana miaka themanini na kitu. Nikasema, "Fundi. Waya wa Kisia. Mimi niliona. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika. Niliona kabla hajaondoka, nikanyamaza. Hayakuwa macho yako."

Hakuuachilia waya.

"Nyathina," akasema, kama alivyoniita zamani, mwanangu. "Unafikiri kidole changu kilikuwa kimekufa? Zilinichoma hapa." Akanionyesha ncha ya kidole gumba. "Nilizisikia zote mbili. Lakini kubadilisha waya ni kuuingiza kwenye lile tundu dogo, na watu wamesimama pale wakiniangalia. Ningekosa tundu mara tatu, mara nne. Nikasema itamfikisha jioni, nitamwita arudi. Nilikuwa nangoja wewe useme. Useme wewe, ndiyo mimi nisijiaibishe." Akashusha pumzi. "Hukusema. Nami miaka hii yote nikisema, angalau yule msichana hakujua."

Nilikuwa nimejitayarisha kusamehewa au kulaaniwa, na hili halikuwa lolote kati ya hayo. Kilichonijia, naona haya kukiandika, kilikuwa ile hamu yangu ya kawaida: nilitaka kujua kilikuwa kidole gani hasa, alifikiria kwa muda gani, kama alisikia mdomo wangu ukifunguka. Nikamuuliza. Akanijibu yote. Alikuwa amesikia mdomo ukifunguka, akajiambia ni pumzi tu. Tuliongea hivyo, kama watu wanaochunguza ufa kwenye fremu, mpaka Apiyo akarudi na chupa za maji na kutukuta tumeinamiana.

"Kisia yuko wapi?" Fundi akauliza.

"Kawangware. Ana hoteli ndogo, anauza chai na mandazi."

"Apiyo, washa gari."

Hoteli ya Kisia ina mabenchi matatu na jiko moja. Apiyo alibaki garini. Alikuwa amesimama nyuma ya sufuria kubwa ya chai, mvi kichwani, bega la kulia likiwa limeshuka chini ya la kushoto kama lilivyobaki tangu wakati ule. Alipomwona Fundi alipiga kelele ya furaha, akamkumbatia, akaita watu waje wamwone fundi wa zamani. Tukamwomba akae. Hakukaa. Nilimwambia mimi kwanza, kisha Fundi akamwambia sehemu yake, wazi, bila kujitetea, uso wake umeelekea upande alikosikia sauti ya Kisia mara ya mwisho. Kisia alisikiliza akiwa ameshika kijiko cha kuchotea. Wateja wawili waliingia wakataka mandazi. Akawahudumia, akawarudishia chenji, akawatakia mchana mwema. Kisha akarudi akasimama mbele yetu.

"Kwa hivyo wewe uliona," akaniambia. "Na huyu akasikia na kidole."

"Ndiyo."

"Na mimi nikawa naambia watu wewe ni malaika. Bibi yangu alikufa akikuombea."

"Najua, Kisia."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Sikuweza kusoma uso wake. Akachota chai vikombe viwili. Kimoja akakiweka mbele yangu bila kunitazama. Kingine akakipeleka mpaka mikononi mwa Fundi, akavikunja vidole vya mzee kukizunguka, kimoja kimoja, mpaka akahakikisha vimeshika. Halafu akavuta benchi, akaketi mkabala nasi, akaweka mikono yote miwili mezani.

"Kunyweni," akasema. "Mimi bado sijamaliza na nyinyi."